Senti ya Mvuto wa Dunia

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya hesabu moja ndogo, ambayo udogo wake ndio hatari yake.

Kila mtu ajua ya kuwa embe likikatika mtini huanguka, na kwamba kadiri lishukavyo ndivyo mwendo wake uzidivyo. Kuzidi huko kwa mwendo wataalamu hukuita mchapuko, nao huuliza hivi: katika kila sekunde ipitayo, mwendo umeongezeka kwa meta ngapi kwa sekunde? Penye ikweta, usawa wa bahari, jibu ni 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Tofauti hiyo ni ndogo, wala embe haliwezi kutuonyesha. Lakini mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwako Cayenne, karibu na ikweta, pamoja na saa ya pendulamu, yaani saa iongozwayo na uzito ubembeao huku na huko. Akaona saa ile, iliyokwenda sawa Paris, sasa yachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Mvuto wa dunia ulikuwa umepungua kidogo, na saa ikaungama.

Kwa kuwa tofauti zenyewe ni ndogo, wapimaji walitaka kipimo kidogo. Wakakiita gali, kwa heshima ya Galileo Galilei wa Italia, aliyechunguza jinsi vitu viangukavyo. Gali 1 ni ongezeko la sentimeta 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Basi kipimo kikubwa, kile cha meta, kina gali 100 ndani yake, kama vile shilingi ilivyo na senti 100. Tukishika mfano huo hatutapotea: kipimo cha meta ni shilingi, na gali ni senti.

Hata hivyo senti nayo yaweza kuwa kubwa mno. Mwingereza E. C. Bullard alipopima mvuto wa dunia katika Afrika Mashariki miaka ya 1930, alihesabu kwa miligali, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya gali. Vyombo vya leo vimezidi, maana huhesabu mikrogali, sehemu moja ya milioni ya gali. Chombo cha namna hiyo kikiinuliwa kutoka sakafuni hadi juu ya meza yenye kimo cha meta 1, huonyesha ya kuwa mvuto umepungua kwa mikrogali 309 hivi.

Je, udogo huo wafaa nini? Wafaa sana kwa wenye visima. Tabaka pana la maji lenye unene wa meta 1 likitoweka chini ya ardhi, mvuto wa mahali pale hupungua kwa mikrogali 42 hivi. Mpimaji hatoboi shimo. Husoma chombo chake, akajua maji yaenda wapi.

Lakini sasa angalieni. Mikrogali 42 ni sawa na 0.00000042 ya kipimo cha meta. Mtu asikiaye neno "mikro" hudhani ni sehemu ya milioni ya kipimo kikubwa, akaandika 0.000042. Amesahau kwamba ni sehemu ya senti, wala si ya shilingi. Kosa lake ni mara 100. Na palipotoweka maji ya meta 1, yeye atatangaza ya kuwa zimetoweka meta 100. Wenyeji watahama kisima kilicho kizima.

Kosa hili twalijua, maana tulilitenda. Mwaka mmoja, katika chuo cha ualimu, tuliliandika ubaoni kwa mkono wetu wenyewe. Wanafunzi wakalinakili kwa wino, kwa kuwa mwalimu amesema. Wakafuzu, wakatawanyika. Tulipoligundua, walikuwa wamekwisha kwenda kufundisha. Ikatupasa kumwandikia kila mmoja barua ya kukiri na kusahihisha. Kijana mmoja akajibu ya kuwa alikwisha kulifundisha darasa zima, naye amerudi mbele ya watoto akawaambia, "Futeni, tulikosea." Jibu lile lilitufariji kuliko sifa yoyote. Kosa la mwalimu wa walimu huzaa wajukuu kabla mwenyewe hajaliona.

Basi, ndugu zetu walimu, wafundisheni watoto ngazi hii yenye vipandio vitatu. Kutoka kipimo cha meta kwenda gali, zidisha kwa 100. Kutoka gali kwenda miligali, zidisha kwa 1,000. Kutoka miligali kwenda mikrogali, zidisha tena kwa 1,000. Jumla yake ni 100,000,000. Ukirudi juu, gawanya kwa mfuatano uo huo uliogeuzwa. Kipandio cha kwanza ni kifupi kuliko vingine, na hapo ndipo watu wajikwaapo.

Tena msiwaache wakariri tu. Kila waonapo "mili" au "mikro", waulizeni kwanza: ni sehemu ya nini? Ajibuye swali hilo atahesabu kwa usalama. Asiyelijibu, hata akijua kuzidisha, atazidisha upotevu.