MOSHI WA NYUMBANI NA UHAI ULIO TUMBONI

Mada iliyotolewa kwa makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA, Nainokanoka



Ndugu wapendwa, Mwinjili Luka anasimulia jinsi Bikira Maria alivyoondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, kwa jamaa yake Elizabeti aliyekuwa mjamzito, akakaa naye kiasi cha miezi mitatu. Nasi tunaishi milimani. Naomba leo twende pamoja kwa mama mjamzito wa hapa kwetu, tuiname mlangoni, tuketi naye karibu na moto. Tutaona nini? Tutaona kidogo sana, kwa sababu ya moshi.

Huku juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi na ukungu wa Olmoti havina huruma. Nyumba ya Kimaasai, ambayo mama mwenyewe huijenga kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, ni ya chini na yenye matundu madogo ili itunze joto. Moto wake hupika, huwapasha joto watoto na ndama, tena hufukuza wadudu. Wazee hawakufanya hivyo bila sababu. Hata kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kijinga cha oloirien, na maziwa yakapata ladha na kudumu. Lakini mapafu ya binadamu si kibuyu.

Moshi hufanya nini?

Kwanza, moshi wa kuni hubeba chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Pili, hubeba hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikachukua nafasi yake. Mtoto aliye tumboni hana oksijeni nyingine ila ile anayoletewa na damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Mama akipungukiwa, naye hupungukiwa. Na hewa ya milimani yenyewe tayari ina oksijeni pungufu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa majumbani unahusiana na watoto kuzaliwa wafu, kuzaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, na kupatwa na nimonia. Kwa makadirio ya Shirika hilo, mwaka 2020 moshi huo ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Wako wasemao, "Mtoto mdogo huzaliwa kwa urahisi," na kwa hiyo baadhi ya akina mama hujinyima chakula mimba inapokua. Hofu yao naielewa, maana safari ya kwenda hospitali ni ndefu. Lakini udogo unaotokana na njaa na kukosa hewa si wepesi, ni udhaifu. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humshinda mapema.

Tuseme ukweli wote. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Rwanda, India, Guatemala na Peru, wajawazito wapatao 3,200 walishiriki, na nusu yao walipewa majiko ya gesi. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti kubwa ya uzito wa watoto. Hayo hayasemi kwamba moshi ni salama. Yanatuonya tusidhani kwamba jiko jipya, likiletwa mimba ikiwa imeshakua, litatosha peke yake. Mama anahitaji hewa safi, chakula, mapumziko na kliniki, kwa pamoja na mapema.

Kwa nini hili ni suala la haki?

Anayevuta moshi kwa ajili ya nyumba nzima ni mama. Anayeamua mbuzi yupi auzwe na fedha itumikeje, mara nyingi ni baba, naye huota jua nje. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi baba naye ni mzazi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 20, aliwataja wanaougua kwa moshi wa kupikia. Jambo hili si la jikoni tu.

Tunajua pia kwamba ndani ya Hifadhi ukataji wa miti na ujenzi una masharti, na kwamba tangu mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamia Msomera, mjadala wa ardhi umekuwa mzito. Serikali nayo, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mimba haingoji mjadala uishe, wala haingoji mwaka 2034.

Tufanye nini?

1. Tuchome kuni kavu, na tupanue tundu la kutolea moshi. Jiko la bomba linalotoa moshi nje ni bora zaidi.
2. Mjamzito apunguziwe zamu ya jikoni; wengine wampokee.
3. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Halitoi moshi mwingi, lakini kaboni monoksaidi yake huua watu usingizini.
4. Mama aende kliniki kabla ya wiki ya 12, asindikizwe na mumewe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni mama gani mjamzito sasa, na nani amemtembelea?
2. Mnada uliopita, ni kiasi gani cha fedha ya mifugo kilirudi kwa ajili ya afya ya mama?
3. Ni nyumba ipi tutakayoanza nayo, na lini?

Maria alikaa miezi mitatu. Sisi tuanze kwa kuingia ndani na kukaa kidogo katika moshi ule. Tukitoka tukikohoa, tutajua la kufanya. Mungu awabariki.