Jibu la Damu Lina Tarehe Yake

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia vya kando ya ziwa, Kisumu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine viyasome mkutanoni.)

Akina mama, akina baba mliokuja, na nyinyi vijana mlio kule nyuma, asanteni kwa kuacha kazi. Najua omena iko juani na mvua haiko mbali, kwa hivyo sitawakalisha sana.

Leo tuzungumze juu ya karatasi. Mama mjamzito akienda kliniki hutolewa damu, halafu anaandikiwa jibu. Katika kazi yangu nimeona wengi huteleza pale pa kulielewa jibu hilo. Mmoja anaambiwa hana virusi vya ukimwi, anafikiri ni hana mpaka mwisho. Mwingine anaambiwa virusi havionekani, anadhani amepona, anaacha dawa. Wa tatu anasikia neno moja juu ya mtoto, anaanza kuomboleza na mtoto yu hai. Basi shikeni hili: kila kipimo hujibu swali moja, na jibu ni la siku ile.

Kipimo cha kwanza ni kile cha kidole. Kinatafuta askari ambao mwili huunda kupigana na virusi. Askari hao huchukua majuma kadhaa kuonekana, pengine hata miezi 3. Kikionyesha mama anavyo, hawategemei hicho kimoja, wanapima tena kwa kifaa kingine ndiyo wahakikishe. Kikionyesha hana, jibu ni la wakati huo. Ndiyo sababu kliniki hurudia kupima katika miezi ya mwisho ya mimba, na tena wakati wa kunyonyesha. Msikasirike mkiitwa tena, mkasema "si nilipimwa?" Mama akiambukizwa akiwa na mimba au ananyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini siku za kwanza, na mtoto yumo hatarini kubwa. Na bwana naye apimwe. Wavuvi wetu wanahama na samaki, leo Dunga, kesho Mbita. Jibu la mke halisemi chochote juu ya damu ya mume.

Kipimo cha pili ni cha mama aliye na virusi. Wanahesabu virusi katika mililita 1 ya damu. Vikiwa chini ya 50, karatasi huandikwa LDL, yaani vimepungua hata mashine haivioni. Hapo tushangilie, lakini tuelewe. Ni kama mkaa uliofunikwa na majivu. Ukiacha dawa, umepuliza moto. Vikianza kuonekana kwa wingi, kuna jambo la kutafuta haraka. Je, mama anatapika dawa? Anaificha nyumbani kwa hofu? Amehama bila barua ya kliniki? Hata vidonge vya kuongeza damu vikimezwa ovyo vinaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Msiviache. Mwulize muuguzi akupangie saa ya kila kimoja.

Wengine wataona pia CD4. Hiyo ni hesabu ya askari wakubwa wa mwili. Msichanganye: CD4 tunataka ipande, virusi tunataka vishuke.

Mtauliza, hesabu hizi zina faida gani kwa mtoto? Jibu lilipatikana hapa kwetu. Kati ya 2003 na 2009 KEMRI pamoja na CDC ya Marekani walifanya utafiti Kisumu na akina mama 522. Walipewa dawa kuanzia wiki ya 34 ya mimba mpaka mtoto afike miezi 6, huku wakinyonyesha. Bila dawa, katika kila watoto 100 huambukizwa 15 hadi 45. Katika utafiti huo, hadi miaka 2, waliambukizwa kama 7 tu. Wale ambao mama zao walianza na virusi chini ya 10,000 walikuwa kama 3 kwa 100. Wa mama walioanza na 10,000 au zaidi walikuwa karibu 9. Kwa hivyo ile namba ni maisha ya mtoto. Na siku hizi hakuna kungoja wiki ya 34. Mama huanza dawa mara tu ajulikanapo anavyo, wala haachi mtoto akikua. Akizitumia vizuri na virusi vikae chini, hatari hushuka sana.

Sasa mtoto. Mtoto huzaliwa na askari wa mama yake ndani ya damu, na wanaweza kukaa hadi miezi 18. Kwa hivyo kile kipimo cha kidole hakiwezi kusema kama mtoto mchanga ana virusi. Huchukuliwa matone kisiginoni, yanakaushwa kwenye kadi, na maabara inatafuta virusi vyenyewe. Hiki huitwa PCR, na hufanywa akiwa na wiki 6. Akionekana hana, tumshukuru Mungu, lakini bado ananyonya. Hupimwa tena miezi 6, miezi 12, halafu miezi 18, na baada ya kuacha kunyonya. Hapo ndipo jibu la mwisho hutoka. Akionekana anavyo, aanze dawa siku hiyo hiyo. Msikubali kuambiwa ni chira mkapoteza miezi kwa mganga. Mtoto asiyetibiwa hana muda wa kungoja.

Miezi 6 ya kwanza apewe ziwa la mama peke yake. Hata maji, hata uji, hata dawa ya miti shamba, hapana. Na dawa ya kinga aliyopewa mtoto isikatizwe kabla kliniki haijasema.

Kazi ya kikundi ni gani hapa? Kwanza, tengeni kidogo katika mchango wa kila juma kuwa nauli ya kliniki na ya kujifungulia hospitalini. Nyamrerwa tunamheshimu, lakini na yeye amsindikize mama huko. Pili, anayesafiri kwenda bichi nyingine aombe barua na dawa za kumtosha. Tatu, ulimi. Karatasi ya mtu ni yake. Mama akijua jina lake litafika kisimani kabla yake, hatarudi kliniki, na atakayelipa ni mtoto.

Mkirudi nyumbani, fungueni kitabu cha kliniki, tazameni tarehe ya kipimo cha mwisho. Kama imepita, nendeni kesho. Sasa niulizeni maswali.