KABLA YA KWENDA GULIONI, FUNGUA SANDUKU

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa milimani, Wilaya ya Same

Mliokaa mlangoni sogeeni ndani, ukungu wa huku juu hauna huruma.

Leo sikuleta kitabu. Niliwaomba kila mmoja aje na vitu vyake vya ushonaji, vyote, bila kuficha. Naona vikapu, naona viroba vya salfeti, naona makopo ya maziwa ya unga yanayolia vifungo ndani. Vizuri sana. Hicho ndicho kitabu chetu cha leo.

Nianze na jambo linalotuuma mifukoni. Shule hufunguliwa Januari. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za msingi za Serikali na katika sekondari hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Lakini sare bado ni juu ya mzazi. Shati, sketi, kaptula, sweta. Mwenye watoto watatu anateremka Same mjini na fedha ya tangawizi au ya maharage, na anarudi na mfuko mmoja tu. Fedha imekwisha. Na nyumbani, chini ya kitanda, kuna sanduku ambalo hakulifungua. Ndani yake kuna zipu aliyoinunua upya leo, na uzi wa buluu alioununua upya leo, na nusu yadi ya kitambaa cheupe ambacho kingetosha kurudisha uhai wa shati la mwaka jana.

Watu wanatutania sisi Wapare kuwa tu wabahili. Haya, utani tunaukubali. Lakini mbahili asiyejua alichonacho, huo ubahili wake unamfaa nini? Ananunua mara mbili kama tajiri.

Tusiwalaumu mama zetu na bibi zetu waliotufundisha kuweka kila kipande. Walikuwa na sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, na hasa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nguo ziliadimika nchini. Viwanda vilikuwepo. Urafiki kule Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968, na Mwanza kulikuwa na Mwatex. Lakini fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba, na mashine zikawa zinasimama. Watu walipanga foleni kutwa kwa ajili ya doti moja ya khanga. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na baada ya hapo mitumba ikajaa katika masoko. Basi bibi aliyepita katika miaka ile, ukimwambia atupe kipande cha marekani, anakushangaa. Siku hizi kitambaa kipo gulioni tele. Kilichopungua ni fedha. Kwa hiyo sanduku lile lile tulitumie kwa njia nyingine.

Sasa tufanye kazi. Tandikeni mikeka hapo nje penye jua. Mwageni kila kitu. Msichague kabla ya kumwaga, maana mtu akianza kuchagua kwa kuingiza mkono, hutoa anavyovipenda tu na vingine hubaki chini miaka kumi.

Tuanze na uzi. Kata kipande cha urefu wa mkono, shika ncha mbili, vuta kwa nguvu. Ukikatika kwa urahisi kama utando wa buibui, huo umeoza kwa jua au unyevu. Usiushonee nguo. Utakatika siku mtoto anaruka kamba, tena mbele ya wenzake. Uzi dhaifu uwekeni kando kwa kushikiza tu, yaani ule mshono mrefu wa muda ambao baadaye tunaufumua.

Sindano zenye kutu zitengeni. Kutu huacha doa la kahawia, na doa hilo halitoki kwa sabuni. Ncha iliyopinda huvuta nyuzi za kitambaa. Sindano nzima chomekeni kwenye kipande cha nguo kilichopakwa mafuta kidogo ya cherehani, nanyi mtaona zinavyokaa. Kwa wenye cherehani, someni namba iliyoandikwa kwenye shina la sindano. Ni ndogo, ikaribishe kwenye mwanga. Namba 11 ni nyembamba, ya vitambaa laini. Namba 14 ni ya kazi za kawaida kama mashati na vitenge. Namba 16 na 18 ni za nguo nzito kama khaki na jinzi. Nyingine zina namba mbili, kwa mfano 90/14, lakini ni ukubwa ule ule mmoja. Zamani ulikuwa unampelekea fundi sindano iliyovunjika ili akuchagulie inayofanana nayo. Sasa unasoma mwenyewe.

Lastiki ivute kisha uiachie. Ikirudi, izima. Ikibaki imelala, imekufa. Zipu ngumu ipake mshumaa au kipande cha sabuni kikavu kwenye meno yake, uivute juu na chini mara kadhaa, kabla hujaihukumu.

Sasa tuje kwenye vitambaa, na hapa tusiharakishe. Mmeleta rundo kubwa, na kwa macho vyote vinafanana. Ipi ni pamba na ipi ni nailoni? Chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni, uushike kwa kibano au kijiti, uuchome mbali na mikeka na watoto. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka, hujikunja, na kikipoa kinabaki kidonge kigumu. Kikifanya yote mawili, kimechanganywa. Fanyeni hivyo hata kwa khanga, kwa sababu si kila khanga inayouzwa siku hizi ni ya pamba.

Gaweni mafungu matatu. La kwanza ni vipande vinavyotosha kushona kitu kizima. La pili ni vya viraka, mifuko ya suruali na kola. La tatu ni vilivyochakaa au vidogo mno, ambavyo vitajaza mto au kufutia cherehani. Mama asikie aibu kuwa na fungu la tatu. Asikie aibu fungu la tatu likiwa kubwa kuliko mawili mengine, na bado analirudisha sandukuni.

Kisha chukueni daftari. Hapa ndipo kisomo kinapoingia. Pimeni kila kipande cha fungu la kwanza kwa futi kamba. Kamba ile ina inchi upande mmoja na sentimeta upande wa pili. Inchi moja ni sentimeta mbili na nusu na kidogo. Yadi moja ni inchi 36. Kamba ikiwa ya zamani ilinganisheni na rula ya mtoto ya sentimeta 30, kwa maana kamba hutanuka, na kamba iliyotanuka hukudanganya kila siku bila wewe kujua. Andikeni kikaratasi, kwa mfano: "Pamba, nyeupe, inchi 30 kwa 22". Kishikizeni kwa pini juu ya kipande. Kisha andikeni maneno hayo hayo katika daftari. Siku ya gulio unabeba daftari, sanduku unaliacha nyumbani.

Tuseme tumepata nini humo. Sketi ya shule iliyofupika ina upindo. Kama fundi aliacha inchi 3, ushusheni. Alama ya mkunjo wa zamani itabaki, basi pigeni mstari wa mshono wa rangi ile ile juu yake. Kwa sare mpya mwambieni fundi mapema aache inchi hizo tatu. Mafundi wengine hupenda kubana kitambaa.

Kola ya shati iliyochanika kwenye mkunjo: fumua mshono unaoishika shingoni kwa wembe, igeuze upande wa ndani uje nje, ishone tena pale pale. Shati limepata mwaka mwingine. Kaptula iliyotoboka makalio itiwe kiraka kwa ndani, kikubwa kuliko tundu kwa inchi moja kila upande, na nyuzi za kiraka zielekee kule kule zinakoelekea nyuzi za kaptula. Kiraka kipya kifuliwe kwanza, ama sivyo kitajikunja baada ya kufuliwa na kuvuta nguo yote.

Akina baba, nawaona mnacheka. Tazameni barazani kwa wenye maduka pale Same, ni nani wanaokanyaga cherehani? Wengi ni wanaume. Basi sindano haina uke wala uume. Nanyi akina mama, kabla hamjakata shati la baba muulizeni. Lile mnaloona limechakaa huenda ndilo analolipenda.

Sasa nina jambo ambalo wengine watataka kutoka nje. Msitoke. Ninazungumza juu ya binti zetu wanapokuwa katika siku zao. Wapo wanaokosa shule kila mwezi kwa kukosa cha kujihifadhi, na wanaona haya kumwambia baba, kwa sababu fedha ziko kwa baba. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Binti wa kijijini hawezi kukaa akingojea bei.

Katika fungu la kwanza na la pili tafuteni pamba laini: khanga ya pamba iliyochakaa lakini safi, flaneli, taulo kuukuu. Dondosheni tone la maji juu yake. Likinywewa mara moja, kinafaa. Likiteleza, kiacheni. Vifueni na mvichemshe kabla ya kukata. Katika karatasi gumu choreni umbo la mviringo mrefu, sentimeta 25 kwa 8. Kateni vipande vinne vya ndani, mvipange pamoja, mvishone pembezoni na mstari mmoja katikati. Kwa nje kateni viwili vyenye mabawa kila upande, mtie vile vya ndani katikati yake, mshone, kisha mtie kifungo kwenye mabawa ili yakutane chini ya chupi. Binti awe na angalau sita. Tatu zikiwa kwenye kamba, tatu zinatumika. Asikae na moja kutwa nzima.

Zilowekwe kwanza katika maji baridi, maana ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani. Hapa ndipo tunapokosea kwa ajili ya haya: mtoto anaficha kitambaa chini ya godoro, kinabaki kibichi, kinaota ukungu, naye anapata muwasho na maradhi. Wa Hedaru na Makanya jua wanalo. Sisi wa huku juu, Juni na Julai, hatuna. Basi tieni makaa kwenye pasi, mpige mpaka kikauke kabisa. Mama akizianika kambani bila kuona haya, binti naye hataficha.

La mwisho ni kwa wenye cherehani. Wengine mnatia mafuta ya kula. Yakikauka yanaganda kama gundi, na gurudumu linakuwa zito, mnasema mashine imezeeka. Tieni mafuta ya cherehani, tone moja moja kwenye vitundu vyake. Halafu shoneeni kwanza kipande cha fungu la tatu mpaka mafuta yasionekane tena kwenye uzi, ndipo mguse nguo nyeupe.

Wiki ijayo kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa daftari: alivyo navyo upande wa kushoto, anavyohitaji kununua upande wa kulia. Tutasomeana. Mwenye zipu mbili za buluu na mwenye lastiki ya ziada wataonana hapa hapa. Na mikasi iliyo butu msiiache nyumbani, nitakuja na jiwe la kunolea.