Kasikisi: tusifunge chupa haraka
Maneno tuliyosema ku mkutano wa wamemba, Songo



Tuanze na kosa letu. Ku mafunzo ya kwanza, sisi watumishi tuliwaambia mutie kasikisi ndani ya chupa siku ya tatu na kufunga nguvu, ili isipoteze ladha. Mama mmoja wa hapa alikopa makuta ya kisanduku, akanunua ndizi, akajaza chupa 20 za bia. Usiku wa pili zikaanza kupasuka, moja moja. Zilibaki 7, na vioo vilimukata vidole akifagia. Wengine walisema amerogwa. Hapana. Tulimufundisha vibaya.

Kuivisha ndizi ndani ya shimo, kuzikanda na nyasi, kuchuja, kutia unga wa mtama uliokaangwa: ile yote munaijua kutupita. Shida iko ku chupa. Chachu inakula sukari ya ndizi, inatoa kileo na hewa. Kama bidoni iko wazi, hewa inajiendea. Lakini tukifunga chupa na sukari ingali mule, hewa inakosa njia, inasukuma mpaka kioo kinaachia. Hata kule Ufaransa na Uingereza, wanaotengeneza sidiri, pombe ya mapome, nyumbani wanapasua chupa kwa sababu ile ile.

Sasa tufanye hivi.

Kwanza, usafi. Sisi wa Uvira tunajua kolera. Maji ya kuongeza yachemshwe, yapoe. Chupa zioshwe na maji ya moto.

Pili, toboa kifuniko cha bidoni, pitisha mpira mwembamba, ncha ingine iingie ndani ya kikombe cha maji. Hewa inatoka, inzi haingii. Mapovu yakingali yanatoka ku kikombe, ngoja. Inaweza kuomba juma mbili ao zaidi.

Tatu, mapovu yakiisha, mimina polepole ndani ya bidoni ingine safi. Machicha yabaki chini.

Ine, jaza chupa moja tu ya plastiki, ile ya fanta, uifunge. Zingine zingoje. Kila asubuhi uiminye. Ikikuwa ngumu kama mpira wa kuchezea, pombe ingali inafanya kazi. Fungua, ungoja tena. Ikibaki laini siku 7, sasa jaza vioo na ufunge.

Kwa nini kuhangaika hivi? Ndizi zinafika ku soko ya Mulongwe kwa wingi, zinaiva zote pamoja, bei inaanguka. Kasikisi ya siku tatu inachachuka mbio. Ile iliyotulia inaweza kungoja mnunuzi. Na wengi wenu mulirudi toka Nyarugusu na Lugufu na mikono tu. Makuta ya kisanduku ni jasho, hayapaswi kupasuka usiku.

Lotoko hatufundishi, na tunaomba kisanduku kisikopeshe kwa ile kazi.

Juu ya deni la yule mama: sisi watumishi tumelipa bei ya chupa 13 toka mifuko yetu. Bei ya ndizi ingali ku kitabu cha madeni. Tunaomba kamati imufutie, juu kosa halikuwa lake.

Siku ya posho, saa tisa, turudi hapa. Kila mmoja alete chupa moja ya plastiki. Yule mama ndiye atatuonyesha namna ya kuiminya.