Taa ya Injini na Haki ya Jirani



Huenda wengine wakashangaa kwamba tumekutana kuzungumzia taa ndogo ya gari. Twaomba mtusikilize, maana moshi utokao katika gari la mmoja huvutwa na mwingine: mtoto aendaye shule kwa miguu, mama auzaye ndizi kando ya barabara. Hao hawamo safarini, lakini hulipa nauli kwa mapafu yao.

Kwanza, tuielewe taa yenyewe. Marekani iliagiza kwamba magari madogo yote mapya, kuanzia toleo la mwaka 1996, yawe na kompyuta ya kuchunguza mwenendo wa injini na moshi wake. Kompyuta ikigundua kasoro huwasha taa ya manjano yenye umbo la injini, na kuhifadhi namba ya kasoro hiyo ili fundi aisome. Taa ikiwaka mfululizo, gari lipelekwe kwa fundi mapema; huenda sababu ni ndogo tu, kama kifuniko cha tangi kisichokazwa. Ikiwaka na kuzimika, kwa kawaida petroli isiyoungua inapita hadi kwenye chombo cha kusafisha moshi kilicho katika ekzosi, huungulia humo na kukiharibu. Dereva apunguze mwendo na asimame mahali salama. Taa nyekundu ya oili ni jambo jingine: injini izimwe mara moja.

Pili, tutazame ukaguzi. Katika nchi zinazopima moshi, mkaguzi huingiza kipimo katika bomba la ekzosi, au huisoma kompyuta ya gari. Hapo ndipo kishawishi huanza. Wako wang'oao balbu ya taa. Wengine hufungua waya wa betri ili namba zifutike. Lakini kompyuta iliyofutwa humwambia mkaguzi kwamba haijamaliza kujipima upya. Wengine hung'oa chombo cha kusafisha moshi na kukiuza kwa ajili ya platinamu iliyomo.

Tusidhani kwamba udanganyifu huu ni wa wanyonge peke yao. Mwaka 2015 ilifichuliwa huko Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua wakati wa kupimwa, moshi ukawa safi mbele ya mkaguzi tu. Barabarani, gesi za oksidi za nitrojeni zilifikia hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Tatu, tujiangalie wenyewe. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya miaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani, na Afrika ilipokea mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Basi anunuaye gari afungue swichi kabla ya kuwasha injini: taa yapasa iwake, kisha izimike injini ingurumapo. Isipowaka kabisa, yaelekea kuna aliyeinyamazisha.

Twajua kwamba matengenezo ni ghali, na kwamba mwenye daladala moja ana watoto wa kulisha. Hatuji kumhukumu. Ila twaomba kila jumuiya ijadili swali hili: mtu akiokoa fedha kwa kuzima taa, fedha hizo zimetoka mfukoni mwa nani?