Wanafunzi wa Kemia na Mahindi Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos)

Tumeombwa tueleze jambo moja: wale vijana wa chuo kikuu wanaokuja wakati wa likizo ndefu kuomba mahindi, wanayapeleka wapi na wanayafanyia nini? Wengine mmesema ni wapelelezi wa serikali. Wengine mmesema wanaenda kuyala. Hapana, hawayali. Tena kwa vile wanavyoyajua mengine, hata wakipewa bure hawangeyala.

Tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini, ini limeharibika. 12 wakafa. Mwaka 2004 ikarudi kwa nguvu zaidi: Makueni, Kitui, Machakos hadi Thika, wagonjwa 317, na katika hao 125 tukawazika. Mahindi yalikuwa ya huku huku kwetu, yaliwekwa yakiwa na unyevu, yakashika ukungu. Sumu ya ukungu huo inaitwa aflatoksini. Wazungu waliigundua baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu karanga. Kwa hivyo si laana ya Ukambani peke yake.

Sasa, kijana akifika maabara anafanya nini? Kwanza anasaga sampuli yote, si punje mbili tatu. Anapima unga kidogo, mara nyingi gramu 25 hadi 50. Anautia katika methanoli na maji, anatikisa, anachuja. Sumu inatoka kwenye unga na kuingia katika yale maji. Tone la maji hayo huwekwa juu ya kibao chembamba na kuachwa lipande polepole, halafu kibao kinamulikwa kwa taa ya miale ya zambarau, kama ile benki wanayokagulia noti. Aflatoksini inang'aa. Aina moja inang'aa buluu, nyingine kijani. Ndiyo maana wataalamu waliziita B na G, kwa herufi za rangi hizo katika Kiingereza. Siku hizi kuna njia za haraka kuliko hiyo, lakini mwanafunzi anayejifunza ni vizuri aione kwa macho yake.

Kiasi anachotafuta ni kidogo ajabu. Sheria ya Kenya inakubali sehemu 10 tu katika bilioni. Tufanye hesabu ya nyumbani. Tembe moja ya panadol ina miligramu 500 za dawa. Gunia la mahindi ni kilo 90. Sumu ikifika miligramu 1 tu katika gunia zima, yaani ukigawa ile tembe vipande 500 na kuchukua kimoja, gunia hilo limeshavuka mpaka. Jicho halioni, ulimi hauonji. Mwaka 2004 mahindi ya sokoni yalipopimwa, mengine yalipita 1,000.

Mama mmoja alituuliza, na ni swali la maana: tukipika sana je? Maji yanachemka kwa digrii 100, na hapa kwetu mlimani hata hayafiki. Aflatoksini haivunjiki mpaka joto lipite digrii 230. Ugali utakuwa makaa kwanza.

Lakini muthokoi, hapo wazee wetu walikuwa na kitu. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walichapisha kazi yao: kukoboa mahindi kuwa muthokoi kulipunguza sumu, kwa wastani karibu nusu. Tusishangilie haraka. Kwa sampuli nyingine ilipungua asilimia 5 tu, kwa nyingine 70. Na nusu ya 1,000 ni 500, bado ni sumu. Halafu zile pumba zinaenda wapi? Kwa ng'ombe. Na ng'ombe anairudisha katika maziwa ya mtoto.

Sasa tufike penye uchungu. Tumeona vikundi vinavyowachagulia vijana mahindi masafi, kwa kuogopa ghala litafungwa na shule itakataa kununua. Jameni, tunaelewa. Pesa ya kikundi ni karo ya watoto. Lakini maabara inasema juu ya kile ulichopeleka tu. Ukipeleka masafi, jibu litakuwa safi, na yale uliyoficha watakula nani? Sumu hii haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Kwa hivyo chukueni kidogo kidogo kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, mchanganye mpaka kilo 5 hivi, mweke katika mfuko wa karatasi, si plastiki, maana plastiki inatunza jasho.

Na ninyi mna haki yenu. Hatupendi utafiti unaoondoka na mahindi na usirudi na jibu. Kijana akija, mwandikeni jina katika daftari ya kikundi, mumwulize mwalimu wake ni nani na jibu litarudi siku gani. Likirudi baya, mahindi hayo yasiende kwa kuku, wala kwa pombe, wala kwa jirani. Mwiteni afisa wa kilimo na afisa wa afya.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji chuo kikuu. Hakipimi sumu, kinapima unyevu unaoleta ukungu. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe kwenye turubai juani. Isiposhika, yanakaribia kuwa tayari. Ghalani tunataka yasizidi 13.5.

Chupa iko hapa mezani, na chumvi imekaushwa asubuhi. Mama mweka hazina, tuletee yale mahindi ya kikundi chako, tutikise.