Mdudu Ndani ya Sandarusi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Sapiwi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kukusanya kaharabu na sandarusi zenye wadudu ndani. Huenda mtu akauliza, jambo hilo latuhusu nini sisi wa Sapiwi, tulio mbali na bahari? Latuhusu, nami nitaeleza.

Miti mingi ikijeruhiwa hutoa utomvu. Hapa kwetu mgunga hutoa gundi. Tieni kipande chake majini, kitayeyuka; ndiyo maana mvua huimaliza. Utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani, hauyeyuki majini. Sisimizi, mchwa, buibui, na wale nyuki wadogo wasiouma wanaoufuata ili wajengee viota vyao, hunasa humo, wakabaki na miguu na mabawa yao. Utomvu ukizikwa mchangani huwa sandarusi. Ikipita mamilioni ya miaka, katika ardhi inayofaa, huwa kaharabu. Kaharabu ya Bahari ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30. Sandarusi ni changa mno: vipande kadhaa vya Afrika Mashariki na Madagaska vilivyopimwa vimeonekana kuwa na miaka mia chache tu, au hata makumi.

Zamani hii ilikuwa mali kubwa. Katika karne ya 19 watu wa mrima waliichimba mchangani, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Richard Burton, aliyesafiri nchi hizi kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba wenyeji waliitofautisha sandarusi iliyokomaa ardhini na ile mbichi, iliyoitwa chakazi. Mnunuzi alitafuta vanishi. Mdudu kwake alikuwa taka. Tani nyingi ziliyeyushwa pamoja na wadudu wake, bila mtu kuandika zilichimbwa wapi.

Hapo ndipo penye neno langu. Kipande kisicho na maandishi ni pambo. Chenye maandishi ni ushahidi. Wako wasemao kwamba wadudu wa sandarusi hawana maana, kwa kuwa wengi wao ni wa aina zilizopo hata leo. Lakini misitu ya pwani imefyekwa sehemu nyingi. Mdudu aliyenaswa miaka 200 iliyopita ni shahidi wa msitu ambao hatuwezi tena kuuona. Asipojulikana alikotoka, ushahidi wake umepotea.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaofanya kazi pwani, mkipata kipande, andikeni siku hiyo hiyo: kijiji, kina cha shimo, aina ya udongo, tarehe, na jina la aliyekitoa. Msichimbe bila ruhusa ya kijiji na ya watu wa misitu. Kisha kileteni katika maabara ya shule.

Nanyi vijana, msikubali kila king'aacho. Korogeni chumvi katika maji mpaka isiyeyuke tena. Kioo na plastiki nyingi huzama. Sandarusi na kaharabu huelea. Kisha, pembeni pasipo na mdudu, tieni tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Sandarusi itanata upesi, kaharabu haitanata. Wafanyabiashara wengi wameuza ya kwanza kwa jina la pili. Kitunzeni kipande mbali na jua na joto, maana hupasuka.

Anzeni na gundi ya mgunga uliopo hapa nje. Mtafuteni sisimizi aliyenasa, mchoreni, mwandikieni mahali na tarehe. Gundi hiyo haitakuwa kaharabu kamwe, lakini mkono utakuwa umezoea kuandika. Atakayezoea hapa Sapiwi hatapoteza ushahidi akifika Bagamoyo au Kilwa.